Homa Iliyolamba Magoti Ikauma Moyo

Muuguzi alinishika mkono, akatazama saa aliyoibana kifuani, akahesabu. Hakuandika kitu. Akahesabu tena. Mara ya tatu akaniuliza kama nimesindikizwa na mtu, na nilipomwambia nimekuja peke yangu kwa daladala akaniambia nikae pale pale, nisiinuke hata kwenda msalani, akatoka kumwita daktari. Ilikuwa Juni 2013. Nilikuwa nimekwenda kuomba dawa ya kifua tu. Homa na kikohozi vilikuwa vimenishika siku sita, na sauti ya kufundishia ilikuwa imekwisha.

"Mapigo yako hayahesabiki, mwalimu," daktari aliniambia.

Sikumwelewa. Nilijua moyo unaweza kwenda mbio, na unaweza kwenda polepole. Kutohesabika ndiyo nini? Akachukua vidole vyangu viwili akaviweka kwenye kifundo cha mkono wangu mwingine, chini ya kidole gumba, akaniambia nisikilize mwenyewe. Mawili ya haraka. Kimya. Moja zito. Matatu dhaifu yakifuatana kama punje za mchele zinazodondoka kwenye ungo. Kimya tena, kirefu, hadi nikaogopa. Nimewafundisha watoto wa darasa la pili kupiga makofi kwa kufuata ngoma, na hata yule asiyeweza kabisa ana namna yake ya kukosea. Ukimsikiliza kidogo unajua atakosea wapi. Moyo wangu haukuwa na namna yoyote.

Mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo, ikatoa karatasi ndefu. Daktari akanionyesha mahali ambapo, kabla ya kila pigo kubwa, panatakiwa kuwe na kilima kidogo. Kwangu vilima havikuwepo, mstari ulikuwa unatetemeka tu. Akaliita tatizo hilo fibrilesheni: chemba mbili za juu za moyo, badala ya kubana kwa pamoja na kusukuma damu chini, zinachezacheza tu kwa mamia ya cheche za umeme kila dakika, na chemba za chini zinapokea cheche chache, ile inayowahi ndiyo inayopita. Ndiyo maana pigo la leo halijui pigo la kesho.

Kisha akaniuliza swali ambalo niliona halina uhusiano wowote na kifua changu.

"Ulipokuwa mtoto, uliwahi kuvimba magoti?"

Nililelewa Muheza, kwa bibi yangu mzaa mama, tukiwa wajukuu saba kwenye vitanda viwili vya kamba. Mmoja akikohoa, wote tulikohoa. Mwaka 1989, nikiwa na miaka 10, koo liliniuma siku kadhaa hadi nikashindwa kumeza mate. Bibi alinichungulia kinywani kwa mwanga wa kibatari, akasema nina mafindofindo na kimeo kimerefuka. Nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa anakata vimeo vya watoto. Alikuwa na kisu kilichopinda kama mundu mdogo. Nilitema damu kwenye jivu, nikapewa maji ya chumvi, na baada ya siku chache koo likapona. Sote tuliamini ni mkono wa yule mzee. Kumbe koo la namna ile hutulia lenyewe ndani ya wiki moja, umekatwa kimeo au hujakatwa, na ndiyo hatari yake: linaondoka kimya na hakuna anayelikumbuka.

Wiki tatu baadaye goti la kulia likavimba. Lilikuwa la moto, jekundu, na shuka likiligusa tu nalia. Baada ya siku mbili likanywea, likaja la kushoto. Halafu kifundo cha mguu. Halafu kiwiko. Maumivu yalihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine kama mgeni anayepita nyumba kwa nyumba. Bibi alisema ni baridi yabisi, akanichua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshiwa karafuu. Mjomba alileta aspirini kutoka dukani, na aspirini ilisaidia upesi mno, kiasi kwamba hakuna aliyefikiria hospitali. Nikarudi shule. Jambo moja tu lilibaki: asubuhi tulipokimbia mchakamchaka, mimi nilikuwa wa mwisho. Kabla ya ugonjwa sikuwa wa mwisho. Mwalimu wa zamu alisema nimekuwa mvivu, na mimi mwenyewe nikaamini.

Nilipomaliza kumsimulia, daktari alinyamaza kidogo. Akaniambia kwamba ile ilikuwa homa ya rumatiki, na kwamba karne ya 19 daktari Mfaransa, Lasègue, alikwisha kuuelezea ugonjwa huo kwa maneno machache: homa hii hulamba viungo, lakini moyo huuuma.

Naomba nilieleze hili polepole, kwa sababu mimi nilielezwa upesi na ilinichukua miaka kulishika. Kuna bakteria wa koo anayeitwa streptokokasi wa kundi A. Mwili unapopigana naye hutengeneza silaha za kumtambua, na sehemu ya gamba la bakteria huyo inafanana na protini zilizomo ndani ya moyo wetu na viungo vyetu. Kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, bakteria akishakwisha silaha haziwekwi chini. Zinaanza kushambulia nyumba zilipotoka. Kwenye magoti shambulio hilo hupita bila kuacha alama. Kwenye moyo huacha kovu.

Shambulio lenyewe ndilo madaktari wanaliita inflamesheni, na Kiswahili bado hatujakubaliana neno moja. Wengi husema uvimbe, lakini mwambie mtu ana uvimbe ndani ya moyo uone, atawaza saratani kabla hujamaliza sentensi. Daktari wangu alitumia neno mwako, nami nimebaki nalo. Ukibana kidole mlangoni kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinavimba na kinauma. Damu na askari wa mwili wamekusanyika mahali palipoumia. Huo ni mwako, na bila huo kidonda kisingefunga kamwe. Kwenye kidole unauona. Ndani ya moyo wa mtoto wa miaka 10 anayelala na wenzake kitandani Muheza, nani atauona?

Kipimo cha eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilimaliza maelezo. Valvu (mlango wa damu) iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini upande wa kushoto, ile ya mitrali, kwa mtu mzima hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Yangu ilikuwa 1. Kingo zake zilikuwa zimeshikana kwa makovu, limebaki tundu kama la kifungo. Damu ilikuwa inapanga foleni nyuma ya tundu hilo, na chemba ya juu ilikuwa imetanuka kama mfuko wa kanga uliojazwa kupita kiasi. Sasa nikaelewa mwaka 2007. Nilikuwa na mimba ya binti yangu, na kuanzia mwezi wa sita nilikuwa nalala nimekaa, mgongo ukutani, kwa sababu nikilala chali napaliwa. Kliniki niliyokuwa nahudhuria waliniambia ni kawaida ya mimba, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyeweka chombo kifuani akasikiliza. Mjamzito huongezeka damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na damu yote ile ilikuwa inalazimika kupita kwenye tundu la kifungo. Nilijifungua salama, na hadi leo nashukuru kwa uoga, maana baadaye nimekutana na familia ambazo hazikubahatika hivyo.

Lakini nilikuwa na swali. Makovu nimeishi nayo miaka 24. Kwa nini moyo uvurugike wiki hii, wiki ya kikohozi?

Jibu la daktari ndilo lililobadilisha namna ninavyoutazama mwili wangu. Alinionyesha kipimo cha damu kinachoitwa CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi pale mwako unapowaka popote mwilini. Kwa mtu mzima wa afya iko chini ya 10. Yangu ilikuwa 96. Maambukizi yalikuwa mapafuni, akasema, lakini kemikali za mwako hazikai mapafuni, zinatembea na damu. Zikifika kwenye ukuta wa chemba ya juu, zinazifanya seli zinazorusha umeme zirushe bila zamu, na kovu la zamani linauzuia umeme kupita njia iliyonyooka, basi unaanza kuzunguka. Mtu mwenye moyo usio na kovu akipata nimonia hiyo hiyo, mara nyingi mapigo yake huenda mbio tu, kwa mpangilio. Mimi kuni zilikuwa zimepangwa tangu 1989. Kikohozi kilileta kiberiti.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo. Nilianza kwa hofu, baadaye ikawa hamu. Mwaka 1997 watafiti wa Italia walichukua vipande vidogo vya chemba ya juu kutoka kwa wagonjwa 12 ambao mapigo yao yalivurugika bila sababu inayojulikana, yaani hawakuwa na valvu mbovu wala presha, na wengi wao nyama ya moyo ilikutwa na mwako. Mwaka 2001 madaktari wa Cleveland, Marekani, walionyesha kuwa watu wenye fibrilesheni wana CRP ya juu kuliko wenzao wenye mapigo ya kawaida, na ambao mvurugiko wao haukomi wana kubwa kuliko wale ambao huja na kuondoka. Kwa sisi wa valvu za homa hii jambo liko wazi zaidi: vipande vya moyo vinavyokatwa wakati wa upasuaji, miaka mingi baada ya homa ya utotoni, wakati mwingine bado vina alama za mwako. Moto ulikuwa umefunikwa majivu, haukuzimika.

Ila kuna upande wa pili ambao wauzaji wa tiba hawausemi. Mvurugiko wenyewe nao huzaa mwako. Chemba inayotetemeka usiku kucha inajiumiza, na CRP inaweza kushuka pale mapigo yanaporudishwa kwenye mstari. Kwa hiyo ukipima ukaikuta iko juu, hujajua bado nani alimwanza mwenzake.

Nilianzishiwa dawa tatu. Moja ya kupunguza kasi ya moyo. Ya pili, sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne, ili yule bakteria wa koo asipate tena nafasi ya kuamsha homa, kwa maana kila homa mpya huongeza kovu juu ya kovu. Ya tatu warfarini. Chemba inapotetemeka damu husimama kwenye kona zake, inaganda, na bonge likichomoka linakwenda kichwani. Hicho ndicho kiharusi, na ndicho kinachotuua au kutulemaza sisi wa fibrilesheni kuliko mapigo yenyewe.

Warfarini inataka nidhamu niliyokuwa nafikiri ninayo. Ilianza mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mama mkwe wangu alipolisikia hilo redioni alinisihi niache. Nilimweleza kwamba kipimo cha damu kiitwacho INR ndicho kinachotenganisha sumu na dawa: wakati ule nilitakiwa niwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaganda, juu ya hapo inavuja. Sikukatazwa mchicha, kisamvu wala matembele, ingawa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Niliambiwa nile kiasi kile kile wiki hadi wiki, nisije nikala kisamvu siku saba mfululizo kisha nikae mwezi bila jani. Hilo niliweza.

Nililoshindwa ni duka la dawa. Mwaka 2014 tumbo liliniharisha, nikafanya kama tunavyofanya wote, nikanunua metronidazo bila kuuliza mtu. Siku ya tano fizi zikatoa damu nikipiga mswaki. Siku ya sita mkojo ukawa na rangi ya chai kavu. INR ilikuwa imepanda zaidi ya 8. Metronidazo huzuia mwili kuivunja warfarini, na kotrimoksazo hufanya vivyo hivyo, na zote mbili zinauzwa mtaani kama pipi. Nililazwa siku nne. Tangu siku hiyo nina kikaratasi ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho, kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba natumia warfarini, na simezi hata kidonge cha kichwa kabla hakijasomwa na mtu anayejua.

Mapigo yalirudi kwenye mstari baada ya miezi michache, yakakaa vizuri, lakini tundu lilikuwa lile lile. Mwaka 2016 nilifanyiwa upasuaji kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyokuwa imeanza mwaka mmoja kabla pale kwenye viwanja vya Muhimbili. Nilipokuwa msichana, mgonjwa wa valvu Tanzania alisubiri ndege ya India. Mimi nilikwenda kwa teksi, na jirani zangu waliniletea uji wa ulezi jioni. Nalitaja hili kwa sababu linanigusa kila nikilikumbuka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Valvu yangu ya makovu ilitolewa, ikawekwa ya chuma, kama tunavyoiita, japo sehemu kubwa yake ni kaboni. Siku ya kwanza nilikuwa na mapigo mazuri. Siku ya pili pia. Usiku wa siku ya tatu mashine ikaanza kupiga kelele, na mwenyewe nilikwisha kujua kabla haijalia: mchele ulikuwa umeanza kudondoka kwenye ungo. Nililia sana. Nilidhani kifua changu kimepasuliwa bure.

Daktari wa zamu alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawana muda nalo, akanieleza kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu huvurugika baada ya upasuaji wa moyo, na mara nyingi ni kati ya siku ya pili na ya nne. Si bahati mbaya kwamba ni siku hizo. Kisu, nyuzi, mfuko wa moyo uliofunguliwa, damu iliyozungushwa nje ya mwili kwenye mashine: vyote huwasha mwako, na mwako huo hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha unashuka. Kwa wengi mapigo hurudi wenyewe mwako unaposhuka. Kwangu yalirudi, yakapotea, yakarudi, na mwaka uliofuata yakapotea moja kwa moja. Chemba ilikuwa imetanuka kwa miaka mingi mno. Hilo nimelikubali.

Nilimuuliza swali ambalo naamini msomaji naye analo: kama mwako ndio kiberiti, kwa nini tusipewe dawa ya kuuzima? Wamejaribu. Kolchisini, dawa ya zamani sana ya gauti, ilipunguza mivurugiko baada ya upasuaji wa moyo katika utafiti wa Italia uliotoka mwaka 2011, na watu wakafurahi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 3,000 waliopasuliwa kifua kwa sababu zisizo za moyo, na tofauti iliyoonekana haikutosha kusema dawa imesaidia. Wengine tumbo liliwaharisha tu. Hivyo ndivyo mambo yalivyo: mwako ni sehemu ya ugonjwa huu, na kidonge cha kuuzima ili moyo utulie bado hakijathibitika.

Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu kila wiki natumiwa tangazo la unga wa manjano, tangawizi na kitunguu saumu "unaoondoa inflamesheni na kurekebisha mapigo". Manjano na tangawizi vimo kwenye mchuzi wangu na sitaviacha. Lakini kiasi kilichoshindiliwa kwenye vidonge, juu ya warfarini, kinaweza kukufanya uvuje damu ndani bila kujua. Diklofenaki, ambayo tunaimeza kwa kila maumivu ya mgongo, ni dawa ya mwako kweli, na kwa mtu kama mimi ni hatari mara mbili: inachubua tumbo wakati damu haigandi. Mwenzangu mmoja wa benchi la kliniki alimeza diklofenaki wiki mbili kwa ajili ya nyonga. Tulimkuta wodini akiongezewa damu.

Benchi hilo limenifundisha mengi. Sehemu kubwa yetu ni wanawake, na si wazee. Utafiti wa wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu kutoka nchi 14, nyingi za Afrika, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta hivyo hivyo: theluthi mbili wanawake, umri wa kati miaka 28. Daktari akisema fibrilesheni Ulaya, anamwona babu wa miaka 75 mwenye presha. Akiisema kwetu, mara nyingi ni mama anayenyonyesha. Na dawa si zile zile. Dada mmoja, valvu yake haijabadilishwa, aliletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo dawa mpya isiyohitaji kupima INR. Alifurahi, nami nilimwonea wivu. Daktari akamzuia, na mwaka 2022 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 4,500 wenye fibrilesheni ya valvu za homa hii, kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo dawa mpya. Wengi tulitegemea kinyume chake. Dada yule bado anakuja kuchomwa kidole nasi.

Valvu ya chuma inagonga. Nyumba ikitulia usiku unaisikia: tik. Nilipotoka hospitali binti yangu alikuwa na miaka 9, akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Mama, saa yako inaruka." Mume wangu alihitaji miezi miwili kuzoea kulala nayo. Mimi nimeifanya chombo cha kazi. Mwaka 2018 tik zilianza kukimbia Jumanne, na taya likavimba Alhamisi; jino la nyuma lilikuwa na usaha. Mwanzoni mwa 2021, wakati kila mtu mtaani anazungumzia changamoto ya upumuaji, zilifika 150 kwa dakika siku moja kabla sijapata homa. Sasa zikikimbia bila sababu sijiulizi moyo una nini. Napitia mwili mzima: meno, koo, kifua, mkojo, kidonda mguuni. Mara nyingi kuna mahali panawaka.

Mwaka 2022 mtoto wa darasa la tatu aliingia darasani akichechemea. Nikadhani ni mpira. Jumatatu ilikuwa goti la kulia, Alhamisi la kushoto. Nilisimamisha somo. Nikamuuliza kama aliumwa koo mwezi ule, akasema ndiyo, mama alimpa asali na ndimu. Nilimpigia mama yake saa hiyo hiyo, na kwa kuwa nilijua hataamini maneno matupu, jioni nilikwenda kwake, nikafungua kifungo cha juu cha blauzi nikamwonyesha mshono, nikamwambia asikilize. Tulikwenda naye hospitali kesho yake. Eko ilionyesha valvu inavuja kidogo, haijashikana. Akaanzishiwa penisilini kila wiki nne, na atachomwa angalau hadi afike miaka 21.

Mama yake aliuliza kama kweli sindano inazuia kitu au inamtesa mtoto tu. Nilikuwa na jibu, na lilitoka kwa jirani zetu. Kule Gulu, Uganda, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa mioyo mashuleni, na takribani 800 waliokutwa na dalili za mwanzo zisizosikika wakagawanywa makundi mawili kwa miaka miwili. Kati ya waliochomwa kila mwezi, watatu tu hali yao iliendelea kuharibika. Kati ya wasiochomwa, 33. Matokeo yalitoka mwaka 2021.

Sindano inauma kweli, dawa yake ni nzito kama uji. Nimemfundisha aombe kichupa kishikwe mkononi kwanza kipate joto, na muuguzi asukume taratibu. Mara mbili dawa haikupatikana tulipozoea kwenda, tukazunguka na mama yake maduka hadi Kariakoo. Kadi yake ina mihuri 26. Yuko darasa la tano sasa. Asubuhi nikiwa wa zamu nasimama getini wakipita mchakamchaka, nami namtafuta kwanza huko nyuma, kwa mazoea. Wiki iliyopita alikuwa wa nne kutoka mbele, anaimba.